Somo: Jinsi ya kujua kompyuta yako ya mezani inahitaji pawa saplai ya wati ngapi

Habari zenu wakuu. Wengi wetu tunanunua kompyuta za ofisini za mtumba, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk, halafu tunataka kuziongezea kadi ya grafiki ili zihariri video au zicheze gemu. Hapo ndipo pawa saplai, kile kiboksi kinachoilisha kompyuta umeme, inaposahaulika. Mtu anajinyima miezi mingi apate hela ya kadi, kisha anachukua pawa saplai ya bei ya chini kabisa kwa sababu boksi limeandikwa 700W. Inaniuma kila nikiona hivyo, maana pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na madabodi (bodi kuu ya kompyuta) na diski yenye kazi zako zote.

Chukua kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Jumlisha wati

Walaji wakubwa wa umeme ni wawili, prosesa na kadi ya grafiki. Tuchukue mfano wa prosesa ya Core i5-12400F na kadi ya GeForce RTX 3060. Prosesa hiyo inatajwa kuwa ya wati 65, lakini hiyo ni kwa kazi za kawaida. Ikikazwa, Intel wenyewe wanaipa hadi 117, na hiyo kubwa ndiyo ya kuandika. RTX 3060 ni 170. Madabodi na ramu ziwekee 50, SSD na hadi diski moja 15, feni 10. Jumla 362.

Hatua ya 2: Acha nafasi ya kupumua

Zidisha jumla yako kwa 1.4. Hapa tunapata kama 507, kwa hiyo panda hadi saizi inayofuata dukani: 550W. Ndiyo namba ambayo Nvidia, wenye chipu ya kadi hiyo, nao wanaipendekeza kwa RTX 3060.

Nafasi hiyo si ya kupoteza hela. Kadi ya grafiki haili umeme kwa utulivu. Kwa kipande kidogo sana cha sekunde inaweza kuruka juu kabisa ya wati zake, kisha ikashuka. Pawa saplai iliyobanwa hujizima hapo hapo. Tatizo lilikua hadi kiwango cha pawa saplai kiitwacho ATX 3.0 cha mwaka 2022 kikataka pawa saplai zenye waya mpya wa kadi kubwa zivumilie mruko wa hadi mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Pia kapasita, vile vihifadhi umeme vidogo vya ndani ya pawa saplai, huchoka kadiri miaka inavyokwenda, hasa kwenye joto letu la Pwani.

Hatua ya 3: Achana na boksi, soma lebo

Hapa naomba tutulie, kwa sababu ndipo watu wanapoibiwa. Geuza pawa saplai, angalia karatasi iliyobandikwa ubavuni. Utaona safu zimeandikwa +3.3V, +5V, +12V na nyingine ndogo, na chini ya kila moja kuna ampea. Prosesa na kadi zote zinalishwa na ile ya +12V. Chukua ampea zake, zidisha kwa 12.

Ukikuta "500W" lakini chini ya +12V pameandikwa 18A, una wati 216 tu za maana. Zilizobaki ni za laini za 3.3V na 5V, ambazo kompyuta ya siku hizi inazitumia kidogo sana, au ni namba tu ya kwenye boksi. Ya 550W iliyo nzuri itakuonyesha kama 45A, yaani wati 540. Ukiona 12V1 na 12V2, yaani laini ya 12V iliyogawanywa, usizijumlishe kichwani; tafuta mahali pameandikwa wati za 12V kwa pamoja.

Halafu angalia nyuma. Kama kuna swichi nyekundu ya 115/230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Ukiiacha 115 kwenye umeme wetu, inalipuka siku hiyo hiyo. Nyingi za kisasa hazina swichi hiyo, zinapokea volti 100 hadi 240 zenyewe.

Nishani ya 80 Plus inapima ufanisi. Kwenye nusu ya mzigo, Bronze inafika asilimia 85 na Gold 90. Haikuambii kila kitu kuhusu ubora, lakini kwangu 550W ya Bronze kutoka kampuni inayojulikana inaishinda "700W" isiyo na jina, bila mjadala.

Hatua ya 4: Hesabu waya za kadi

Soketi ya madabodi inaipa kadi wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kama kadi inataka pini 8, waya huo utoke kwenye pawa saplai yenyewe. Vile viunganishi vya kugeuza waya wa diski kuwa waya wa kadi vinaweza kuyeyuka.

Hatua ya 5: Kwa wenye Dell za mtumba

OptiPlex 9020 ya mnara inakuja na 290W, ile nyembamba 255W, na plagi yake kuu ni ya pini 8 badala ya 24. Ukiwa na prosesa ya i5-4590 ya wati 84, ongeza kadi ya GTX 1650 isiyo na soketi ya umeme, ya wati 75. Pamoja na vingine unafika kama 230. Inabana ukilinganisha na kanuni yangu ya 1.4, lakini kwa mnara nakubali, maana kadi hiyo ni mpole na pawa saplai hizo za Dell zinatoa kweli wati zilizoandikwa. Kadi kubwa zaidi ya hapo, badilisha pawa saplai na ununue kiunganishi cha pini 24 kwenda 8.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, hesabu imenipa 450W. Nikifunga 750W si LUKU (umeme wa kulipia kabla) itaisha haraka?

Jibu: Hapana mkuu. Kompyuta inavuta inachohitaji tu. Ikihitaji wati 300, pawa saplai ya ufanisi wa asilimia 85 itavuta kama 353 ukutani, ya asilimia 90 kama 333. Kinachogusa LUKU yako ni ufanisi.

Swali: Yangu inazima ghafla nikianza gemu, ila nikiandika Word haina shida.

Jibu: Anza na joto la prosesa na kadi. Kama liko sawa, punguza kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70 kwa programu ya MSI Afterburner, ucheze tena. Ikiacha kuzima, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai.

Swali: Shikamoo kaka. Fundi ameunganisha waya wa kijani na mweusi wa plagi kuu, feni ikazunguka, akasema pawa saplai ni nzima.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hapo amejua inawaka tu, hajajua kama inabeba mzigo. Mwambie apime volti za laini ya 12V kompyuta ikiwa kazini. Zinatakiwa ziwe kati ya 11.4 na 12.6.

Swali: Niko Nakuru, stima hupotea sana. UPS (betri ya akiba) ya 650VA itabeba hiyo kompyuta ya mfano?

Jibu: Ndugu, VA si wati. UPS nyingi za 650VA zinatoa chini ya wati 400, na hapo hujaweka skrini. Tafuta iliyoandikwa wati 600 kwenda juu, na ukiweza iwe ya wimbi safi la sine, yaani umeme laini kama wa ukutani, kwa kuwa baadhi ya pawa saplai za kisasa hujizima zikipewa wimbi la mraba.

Swali: Nimenunua pawa saplai mpya ya waya za kuchomoa. Naweza kutumia waya za ile ya zamani? Plagi zinaingia vizuri.

Jibu: Usithubutu, hata kama ni kampuni ileile. Upande wa pawa saplai kila toleo linaweza kupanga pini zake kivyake, na 12V ikiingia palipotakiwa 5V diski zinaungua mara unapowasha. Chomoa zote za zamani, funga zilizokuja kwenye boksi jipya.