Kabla ya kununua gari, kagua nyuma ya bampa

Bampa ikiwa imenyooka na rangi inang'aa, wanunuzi wengi huridhika. Mimi ni fundi wa bodi, na plastiki hiyo ya nje hainibabaishi, ni kifuniko tu. Kinachopokea pigo ni boriti ya chuma au alumini iliyofichwa nyuma yake, pamoja na povu gumu lililokaa mbele ya boriti hiyo. Namna nzuri ya kuvikagua ni kufuata yale yale ambayo serikali huwadai watengenezaji.

Chukua kiwango cha Marekani. Gari dogo la abiria hupigwa mbele na nyuma na pendulumu, yaani nyundo kubwa inayobembea, yenye uzito sawa na gari lenyewe, kwa mwendo wa maili 2.5 kwa saa, kama kilomita 4 hivi. Kwenye kona ni maili 1.5. Kisha gari linagongeshwa ukutani kwa maili zile zile 2.5. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu! Zamani ilikuwa maili 5, serikali ikalegeza mwaka 1982. Kanuni namba 42 ya Umoja wa Mataifa nayo inadai kilomita 4 tu. Basi muuzaji akijisifu kwamba bampa "imepita viwango vya serikali", usidhani itakuokoa kwenye ajali ya barabara kuu. Sheria hizi zinalinda taa, rejeta na mfuko wako.

Sasa chukua tepu ya kupimia na tochi, uchuchumae. Pendulumu hupiga kati ya sentimita 41 na 51 kutoka ardhini, kwa hiyo boriti nayo ifike kwenye eneo hilo. Boriti, si plastiki. Gari lililoshushwa au kunyanyuliwa springi litapishana na bampa za wenzake. Pikapu na SUV hazimo kabisa kwenye kiwango hicho cha Marekani, ndiyo maana zikigusana na saluni, yaani gari dogo la abiria, mara nyingi saluni ndiyo inayovunjika taa.

Mulika kupitia grili, kisha kutoka chini. Tafuta boriti iliyopinda, mabano (vishikizi vya boriti) yaliyojikunja, na uchomeleaji usiofanana na wa kiwandani. Halafu tafuta povu. Hapa ndipo mafundi wavivu hucheza: wanafunga plastiki mpya, povu lililopasuka wanalitupa, maana mteja halioni. Sukuma katikati ya bampa kwa kiganja. Ikibonyea sana bila kukutana na kitu, linganisha na gari jingine la aina hiyo hiyo, kisha uliza povu limekwenda wapi.

Baada ya kipigo, Marekani hukagua kama taa zinawaka na bado zinarekebishika, kama boneti, buti na milango vinafunguka kawaida, na kama mafuta, maji ya rejeta au moshi wa ekzosi vinavuja. Fanya hivyo hivyo, huku injini ikiwa inanguruma.

Magari ya karibuni yana rada ya breki ya dharura, kifaa kinachotambua kilicho mbele ya gari, na baadhi ya rada hizo hukaa nyuma ya bampa. Puti au rangi nene ikipakwa mbele yake, rada inaweza kusoma vibaya. Ukiona dalili kwamba bampa imewahi kufunguliwa, dai karatasi inayoonyesha rada ilipimwa upya, kabla hujatoa pesa.