Tambi za Kikorea za Mchuzi Mweusi: Namna ya Kuzipika Nyumbani

Katika tambi za pakiti za aina hii, zinazojulikana zaidi ni Chapagetti, ambazo kampuni ya Nongshim ya Korea Kusini ilianza kuziuza mwaka 1984. Zinaiga jjajangmyeon, chakula kilichoanzishwa na wahamiaji wa Kichina kutoka Shandong waliofika katika bandari ya Incheon, na weusi wake hutokana na chunjang, yaani soya iliyochachushwa pamoja na unga wa ngano. Aliyezoea tambi za supu huziharibu kwa urahisi, kwa sababu hizi humwagwa maji, na kiasi kinachobakishwa ndicho kinachoamua utamu wake.

Fungua pakiti utenge vifuko vitatu vilivyomo: cha mboga kavu, cha unga mweusi na cha mafuta. Asiyekula nguruwe asome kwanza orodha ya viungo, kwani si kila pakiti ina nembo ya halali.

Hatua ya kwanza ni kuchemsha mililita 600 za maji kwa pakiti moja. Yakishatokota, tumbukiza tambi pamoja na mboga kavu. Maelezo ya pakiti hutaja dakika 5, lakini mimi huziepua mapema kidogo, zikiwa bado na kiini kigumu, kwa kuwa zitaendelea kuiva ndani ya mchuzi.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Inatakiwa ubakishe takriban vijiko vikubwa 8 vya maji, na wengi huinamisha sufuria na kukadiria kwa macho, jambo ambalo silipendekezi hata kidogo. Chota kikombe kimoja cha maji yale meupe, chuja tambi zote, kisha uzirudishe sufuriani na kuzipimia vijiko 8 kutoka kwenye kikombe. Usitumie maji ya bombani, kwa maana wanga uliotoka kwenye tambi ndio unaoushikisha mchuzi.

Sasa punguza moto, nyunyiza unga mweusi kotekote badala ya kuumwaga mahali pamoja, maana hufanya mabonge, na ugeuze bila kupumzika. Mwanzoni mchuzi utaonekana mwepesi na wa kahawia. Baada ya muda mfupi utakuwa mweusi wenye kung’aa, na ukipitisha mwiko chini ya sufuria, njia yake itajifunga taratibu. Hapo epua, ndipo utie mafuta, kwa sababu yakikaa motoni harufu yake hupotea. Chumvi usiongeze; unga unayo ya kutosha.

Juu yake weka yai la kukaanga lenye kiini laini na tango lililokatwa vijiti vyembamba. Wakorea huambatanisha danmuji, figili ya njano iliyolowekwa kwenye siki na sukari. Ukiikosa, kitunguu maji kibichi kilichonyunyiziwa siki kinatosha. Nyanya naiona haifai kabisa, kwani maji yake huuzimua mchuzi.

Anayependa pilipili achemshe pamoja pakiti moja ya Neoguri, tambi za ladha ya vyakula vya baharini, akiongeza maji ipasavyo, kisha atie unga mweusi wote na nusu tu ya ule mwekundu. Mchanganyiko huo Wakorea huuita jjapaguri.

Kula papo hapo. Zikianza kushikana mezani, ongeza kijiko kimoja cha maji yaliyobaki kwenye kikombe na uzigeuze upya.