Kwenda Kasri la Pena: hesabu saa zako kuanzia mlangoni

Mara ya kwanza nilipompeleka shangazi yangu Kasri la Pena, juu ya mlima wa mji wa Sintra, karibu na Lisbon, Ureno, tulifika getini saa nne na nusu kamili, dakika ile ile iliyoandikwa kwenye tiketi. Nikashusha pumzi. Shangazi, aliyekuwa ametoka Mombasa siku nne kabla, akajitengeneza mtandio wake akaniuliza, "Haya mwanangu, liko wapi?" Nikainua macho, silioni. Lilikuwa bado juu yetu, nyuma ya miti, na kati yetu na mlango wake palikuwa na mpando wa karibu nusu kilomita, na shangazi ana goti bovu. Tulipofika mlangoni saa yetu ilikuwa imekwisha pita. Hatukuingia ndani. Tulilitazama kwa nje, tukapiga picha, tukateremka kimya.

Ninaishi Ureno mwaka wa tisa sasa, kwenye njia hii hii ya reli iendayo Sintra, na tangu siku ile nimewapandisha wageni kule mara nyingi. Kila anayenipigia simu namwambia hilo kwanza, kabla ya treni na kabla ya basi: saa iliyo kwenye tiketi ya kuingia ndani ni saa ya mlango wa kasri. Si saa ya geti la bustani, wala si saa ya kufika Sintra. Ukichelewa hausubiriwi, kwa sababu kundi la nyuma yako nalo lina saa yake. Kwa hiyo panga safari kinyumenyume, kutoka mlangoni kurudi kitandani kwako.

Tuchukue tiketi ya saa nne na nusu asubuhi. (Kwenye tiketi itaandikwa 10:30. Saa zote humu nazitaja kwa Kiswahili, lakini ukinunua soma tarakimu zao vizuri, maana 16:00 ni saa kumi ya jioni na nimewahi kuona mtu akijichanganya.) Getini uwe umefika saa nne kasorobo. Ili ufike getini wakati huo, uwe kituo cha treni cha Sintra saa tatu, uwe na nafasi ya kupanga foleni ya basi. Na ili uwe Sintra saa tatu, panda treni ya Lisbon isiyopita saa mbili na robo. Kasri lenyewe hufunguliwa saa tatu na nusu. Tiketi ya mapema kabisa ndiyo bora, ukiweza kuamka.

Tiketi inunue kwenye tovuti ya Parques de Sintra, ambao ndio wasimamizi, na inunue siku kadhaa kabla. Angalia unachonunua: ipo tiketi ya bustani peke yake, ipo ya bustani pamoja na kasri. Ya bustani haikuingizi vyumbani.

Sasa treni. Sintra iko kaskazini-magharibi ya Lisbon, kiasi cha kilomita 25 hadi 30, na treni kutoka kituo cha Rossio huchukua dakika 40 hivi. Rossio iko katikati ya mji, na mgeni huipita bila kujua kwamba ni kituo, kwa jinsi mbele yake palivyochongwa kama jumba la mfalme, na milango miwili ya umbo la kwato ya farasi. Usitafute treni pale chini mlangoni. Zimo juu, panda ngazi za umeme mpaka mwisho. Ukitokea uwanja wa ndege hakuna haja ya kuingia katikati ya mji: chukua metro ya mstari mwekundu vituo vitatu tu mpaka Oriente, kisha treni ya Sintra kutoka hapo hapo.

Nauli haizidi yuro tatu kwenda. Unanunua kadi ya nauli iitwayo Navegante kwenye mashine kwa senti 50, kisha unaitia safari au salio. Kila mtu na kadi yake, hata mume na mke. Kadi moja haipitishi watu wawili, na hapo mlangoni mwa kituo ndipo wageni wangu wengi hukwama wakiwa na haraka.

Treni si zote zinafika Sintra. Ubaoni utaona nyingine zimeandikwa Mira Sintra-Meleças. Lile neno Sintra lililo katikati limewapoteza wengi. Hizo hukata njia baada ya kituo cha Agualva-Cacém na kwenda kwingine. Ukishajikuta ndani yake usifadhaike, shuka Agualva-Cacém usubiri inayofuata iliyoandikwa Sintra tu. Na usishuke Queluz kwa kuona mtu ameandika "kasri" kwenye ramani. Queluz lina kasri lake, zuri pia, lakini si hili la mlimani.

Njiani kaa dirishani ukipenda, ingawa hutaona mashamba wala bahari. Ni maghorofa ya Amadora, Queluz, Cacém, mitaa ya watu wa kazi, na ndani ya behewa utasikia Kikrioli cha Cape Verde na Kireno cha Angola. Shangazi aliifurahia sehemu hii kuliko nilivyotarajia. Alikuwa akiyadaka maneno: meza, bendera, leso, yote aliyasikia vinywani mwa watu au kuyaona kwenye vibao yakiwa karibu yale yale ya kwetu. "Kumbe walituachia vitu," akasema.

Sintra ndio mwisho wa reli, na hapo wageni hudhani wamefika, kumbe safari yenyewe ndiyo inaanza. Kasri liko kwenye urefu wa kiasi cha mita 480 kutoka usawa wa bahari, juu ya mwamba, na mji wa kale wa Sintra uko chini zaidi ya mita 200. Haikutokea bure. Pale juu palikuwa na monasteri ya watawa wa Mtakatifu Jerome, watu waliotafuta upweke na sala, na mlima mgumu kupandika uliwafaa. Tetemeko kubwa la mwaka 1755 liliivunja vibaya, na mwaka 1838 Ferdinand wa Pili, mume wa Malkia Maria wa Pili wa Ureno, akayanunua magofu na kujengea kasri juu yake. Ile sehemu nyekundu unayoiona kwenye picha ndiyo monasteri ya zamani. Ya njano ndiyo aliyoiongeza yeye. Watawa walipachagua kwa sababu hapafikiki kirahisi. Sisi tunaokwenda kwa maelfu tunapanda kwa njia zile zile nyembamba, na ndiyo maana ya foleni zote.

Nje ya kituo kuna basi namba 434. Ndilo lako. Hutoka kituoni, likapita mji wa kale, likakwea kona kali msituni mpaka Ngome ya Wamoor (Waislamu waliotawala hapa zamani), kisha Pena, ndipo likateremka kurudi. Unaweza kumlipa dereva. Basi hili ni ghali kuliko treni yote uliyokuja nayo, na safari yenyewe ni fupi. Nalisema ili usishangae. Namba 435 inakwenda kwenye majumba mengine, Quinta da Regaleira na Monserrate, na wala haipandi Pena, hivyo usirukie basi kwa kuona watalii wamejaa mlangoni.

Kumbuka kwamba 434 huzunguka upande mmoja tu. Ngome ya Wamoor hutangulia, Pena hufuata. Ukitaka kuona vyote viwili, ama shukia ngome kwanza, ama maliza Pena kisha teremka kwa miguu, ni dakika kumi hivi. Mimi hupenda Pena kwanza kwa sababu ya ile saa ya tiketi, halafu ngome bila haraka. Na uione, nakuomba. Waliijenga Waislamu, na ilikabidhiwa kwa mfalme wa Ureno, Afonso Henriques, mwaka 1147. Shangazi alikaa juu ya ukuta wake robo saa nzima, akitazama upande wa bahari.

Teksi na bajaji (Wakenya wenzangu mwaziita tuktuk) zipo tele kituoni na mjini. Kwa wazee wawili watatu au mtu mwenye mtoto mgongoni, bajaji inafaa, lakini patana bei kabla hujakaa, na uliza kama ni kwenda tu au na kurudi.

Kwa miguu, je? Inawezekana, na kwa mwenye mapafu na viatu ni njia tamu kuliko zote. Ziko mbili. Moja inapita bustani ya Vila Sassetti, ikakatiza msitu na majabali makubwa ambayo watu huja kuyapanda kwa kamba. Nyingine inapita kanisa la Santa Maria na kutokea ngomeni. Kibaoni utasoma "igreja", yaani kanisa, neno ambalo kwetu limegeuka gereza. Tenga saa nzima ya kupanda, na maji. Nikiwa na tiketi yenye saa sipandi kwa miguu. Napanda kwa basi, nateremka kwa miguu. Saa tisa na saa kumi za alasiri foleni ya basi la kushuka inaweza kuwa ndefu hivi kwamba anayetembea anafika mjini, anakunywa kahawa na kumaliza queijada yake, yale mandazi madogo ya jibini ya Sintra, kabla wa foleni hajafika. Ila teremka jua lingalipo, msitu ule huwahi kuwa na giza.

Kuhusu gari nitasema wazi: usipande nalo. Barabara ya kwenda Pena imefungwa kwa magari binafsi ya wasio wakazi, na mitaa ya mji wa kale ni ya upande mmoja, myembamba, haina pa kugeuzia. Rafiki yangu alikuja na familia kwa gari la kukodi, akaifuata simu yake kona hadi kona mpaka akakutana na kizuizi. Kugeuka, kushuka na kutafuta maegesho vilimla saa moja na zaidi, na watoto walikuwa wanalia nyuma. Kama gari huna budi nalo, kwa sababu unatoka mbali au unaendelea kwingine, toka Lisbon kwa IC19, barabara isiyo na malipo, ukijua kwamba jioni za siku za kazi upande wa kutoka mjini hujaa. Usiende mpaka Sintra mjini. Ishia Portela de Sintra, kituo kimoja kabla ya mwisho wa reli, penye uwanja mkubwa wa kuegesha. Acha gari hapo, panda treni kituo kimoja au tembea, kisha uungane nasi kwenye foleni ya 434.

Basi litakushusha kwenye geti la bustani. Hapo ndipo tuliposhusha pumzi mapema, mimi na shangazi. Kutoka getini kuna vitu viwili: miguu, dakika kumi hadi kumi na tano za mpando kwa mtu mzima wa afya, au kigari kidogo cha ndani kinachokupeleka karibu na kasri. Kigari kina nauli yake mbali na tiketi. Mwenye goti, mwenye mimba, mwenye pumzi fupi, alipe bila kufikiri mara mbili. Kisha huko juu kuna foleni nyingine ya kuingia vyumbani, nayo uihesabie.

Mambo mawili ya hali ya hewa. Lisbon inaweza kuwaka jua huku mlima wa Sintra umevaa ukungu mpaka usione mnara ulio mbele yako, kwa hiyo beba sweta hata Julai. Na siku za kiangazi, hatari ya moto wa msitu ikipanda sana, mlima hufungwa kwa wageni. Upepo mkali nao waweza kufunga bustani. Jioni ya kabla ya safari fungua tovuti ya Parques de Sintra uangalie tangazo. Dakika mbili tu.

Shangazi alirudi mwaka uliofuata, na tiketi nikainunua ya saa nne. Tuliondoka Rossio mapema, tukapanda 434 bila kusukumana, tukachukua kigari cha ndani, na mlangoni tulikuwa na dakika ishirini za kusubiri. Alizitumia kumwangalia yule Triton wa mawe aliye juu ya lango, nusu mtu nusu samaki, akisoma bismillahi polepole. Ndani alitembea kila chumba.

Kurudi, soma ubao wa kituo cha Sintra: treni nyingine huishia Rossio, nyingine hupitia Oriente. Ukipanda isiyo yako, shuka kituo cha Benfica ubadilishe, zote hupita hapo.