Jinsi ya Kuisoma, Kuichora na Kuipandisha Bendera ya Taifa ya Tanzania

Mtanzania akiulizwa maana ya bendera ya nchi yake, kwa kawaida hujibu kwa kutaja rangi nne: kijani ni ardhi na uoto wake, njano ni madini, nyeusi ni wananchi, na bluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Jibu hilo ni sahihi, na kila mtoto anastahili kulijua. Hata hivyo linaacha sehemu kubwa ya habari, kwa sababu halisemi rangi hizo zilitoka wapi wala kwa nini zimelazwa mshazari badala ya kupangwa kwa mistari iliyolala, kama zilivyokuwa katika bendera zilizotangulia. Mwongozo huu ni kwa mwalimu, mzazi, au kiongozi wa vijana anayetaka kuifundisha bendera kwa ukamilifu, na pia kwa yeyote aliyekabidhiwa kazi ya kuichora au kuipandisha.

Usianze na bendera ya sasa. Anza na mbili zilizoizaa, na kama unafundisha, wape wanafunzi wazichore kwanza hizo.

Ya kwanza ni bendera ya Tanganyika, iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa. Chini ya utawala wa Waingereza, alama ya Tanganyika ilikuwa kichwa cha twiga, na alama hiyo haikuchukuliwa katika bendera ya uhuru. Badala yake, nchi mpya ilichukua rangi za TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 na kuongoza harakati za uhuru chini ya Mwalimu Julius Nyerere. Bendera ya chama ilikuwa na mistari mitatu iliyolala: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini. Taifa liliongeza kitu kimoja tu, nacho ni mistari miwili myembamba ya njano, mmoja juu ya mweusi na mwingine chini yake. Mwambie mwanafunzi aichore hivyo hivyo, kisha aiweke kando.

Ya pili ni ya Zanzibar, na hapa historia ina mageuzi ya haraka zaidi. Kwa muda mrefu bendera ya Usultani ilikuwa nyekundu tupu. Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, duara la kijani lenye karafuu mbili liliwekwa katikati ya wekundu huo. Bendera hiyo ilipepea kwa takribani mwezi mmoja tu, kwa sababu tarehe 12 Januari 1964 yalifanyika Mapinduzi, na baada yake Zanzibar ikachukua rangi za chama cha Afro-Shirazi Party: bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini. Mwanafunzi achore hii ya mwisho, si ile ya karafuu, kwani ndiyo iliyokuwepo wakati Muungano unafanyika.

Sasa ziweke karatasi hizo mbili pamoja, ubavu kwa ubavu, na uulize swali moja: ni zipi zinazofanana, na kila upande umeleta nini ambacho mwenzake hana? Jibu litaonekana kwa macho. Kijani na nyeusi zimo katika zote mbili. Njano imo katika ya Tanganyika peke yake, na bluu imo katika ya Zanzibar peke yake. Ukizikusanya zote bila kuacha hata moja, unapata rangi nne, wala hakuna rangi ngeni iliyoongezwa kutoka nje. Kwangu mimi hili ndilo jambo la thamani kuliko yote katika bendera hii, nami nasikitika kwamba mara nyingi hupitwa bila kutajwa: orodha ya ardhi, madini, watu na maji ni kweli, lakini bendera yenyewe ni hati ya Muungano iliyoandikwa kwa rangi.

Tarehe zinalithibitisha hilo. Mwalimu Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, na nchi mbili zikawa moja tarehe 26 Aprili. Bendera mpya ilianza kutumika tarehe 30 Juni mwaka huo huo, wakati nchi bado inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina la Tanzania lilikuja baadaye, tarehe 29 Oktoba 1964. Kwa hiyo bendera ina umri mkubwa kuliko jina la nchi inayoiwakilisha, na anayeifundisha asikose kulisema jambo hilo.

Kuhusu mshazari, natoa maoni yangu. Mistari iliyolala hulazimisha mpangilio wa juu na chini, na rangi mpya ingepaswa kukaa chini ya nyingine au juu yake. Ulalo unaopanda kutoka kona hadi kona huigawa bendera katika pembetatu mbili zinazolingana, ya kijani na ya bluu, na wananchi, ambao ni weusi wa katikati, wanazigusa zote mbili kwa urefu ule ule, wakiwa wamezungukwa na njano kila upande.

Ili kuichora kwa usahihi, kumbuka kwamba kimo na urefu wake ni kwa uwiano wa 2 kwa 3. Chukua mstatili wa sentimita 20 kwa 30, na uchukulie kwamba mlingoti uko kushoto. Piga ulalo mwembamba wa penseli kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia. Kisha, kwa rula iliyosimama pembe mraba na ulalo huo, pima takribani sentimita 2.7 kila upande na upige mistari miwili inayokwenda sambamba nao. Eneo lililo katikati litakuwa jeusi. Ongeza sentimita 1.25 nje ya kila mstari, na hapo pana njano. Kinachobaki juu kushoto ni kijani, na kinachobaki chini kulia ni bluu. Angalia kona kwa makini: ncha ya mstari mweusi ndiyo inayoijaza kona yote, nayo mistari ya njano hukatwa na kingo za bendera, haikutani kwenye ncha. Michoro mingi ya ukutani hukosea hapo hapo, njano ikabanwa hadi kona na weusi ukachongoka kama mkuki.

Kabla ya kuifunga bendera kwenye kamba, hakikisha kijani kiko juu, upande wa mlingoti. Jambo hili linahitaji uangalifu, kwa sababu ukiifunga bendera ya Tanzania kichwa chini, mshazari nao unageuka, ukishuka kutoka juu kwenye mlingoti hadi chini upande wa kupepea. Pia bluu inakuwa imepanda juu na kijani kimeshuka. Lakini usimlaumu mtu kwa picha inayoonyesha mshazari ukishuka kutoka kushoto kwenda kulia: hapo unaiangalia bendera kwa nyuma, mlingoti ukiwa kulia kwako, na kijani bado kiko juu upande wa mlingoti.

Yako pia makosa ya kihistoria ya kurekebisha. Bendera ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliisimika pamoja na Mwenge kileleni Kilimanjaro wakati wa uhuru wa 1961, kwenye kilele kinachoitwa Uhuru, ni ya Tanganyika. Mchoro unaomwonyesha na bendera yenye bluu umekosea kwa zaidi ya miaka miwili. Vilevile, Zanzibar ina bendera yake tangu 2005, yenye bluu, nyeusi na kijani, na bendera ndogo ya Muungano kwenye kona ya juu karibu na mlingoti. Isichukuliwe kuwa mbadala wa bendera ya Taifa. Na bendera ya kijani yenye jembe na nyundo za njano ni ya Chama Cha Mapinduzi (CCM), si ya nchi. Anayetaka kujipima aitafute bendera ya Taifa ndani ya Ngao ya Taifa, chini ya Mwenge.

Bendera hupandishwa saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni, na aliye karibu husimama wima hadi kazi hiyo imalizike. Ipandishwe kwa haraka kiasi na ishushwe taratibu, bila kugusa ardhi. Wakati wa maombolezo inapotakiwa kupepea nusu mlingoti, haifungwi katikati moja kwa moja: hupandishwa kwanza hadi juu kabisa, ikatulia, ndipo ikashushwa hadi nusu. Jioni hurudishwa juu tena kabla ya kuteremshwa. Iliyochanika au kupauka iondolewe mlingotini mapema, kwani bluu iliyofifia hadi kuwa kijivu haisomeki tena kuwa maji wala kuwa Zanzibar.