Pa kuweka vizuizi katikati ya barabara ya pande mbili

Kosa linaloanza mapema katika kazi hii ni kuvuta kamba katikati kabisa ya ukanda unaotenganisha pande mbili za barabara, kisha kuchimba nguzo hapo. Anza na ardhi: pima upana wa ukanda, mteremko wake, na kila kilichosimama ndani yake, iwe taa, mvinje au mguu wa daraja.

Kila kizuizi kina kiasi chake cha kusogea kikigongwa. Cha zege kilichokazwa vizuri karibu hakisogei. Reli ya chuma yenye nguzo kila mita 1.9 husukumwa kama mita 1, pengine zaidi kidogo. Kebo, yaani waya za chuma zilizovutwa kati ya nguzo, huenda mita 2 hadi 3 na ushei. Nafasi hiyo iwe tupu nyuma ya kizuizi, na isiingie njia ya wanaokuja. Nguzo ya taa iliyo sentimita 50 nyuma ya reli haijalindwa, gari litaifikia tu. Hapo weka zege, au hamisha taa.

Reli na zege hutaka ardhi iliyo karibu na tambarare, mteremko usizidi 1 kwa 10, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 10. Penye mtaro mkali gari huruka likiacha ukingo, likatua juu ya reli. Kebo nayo ina hatari yake: gari likifika chini ya mtaro springi hubonyea, pua ikainama na kupita chini ya waya. Kwa hiyo kebo ikae ndani ya sentimita 30 kutoka katikati ya mtaro, au mita 2.4 na zaidi mbali nayo. Mtaro ukiwa mkali kote, weka kizuizi kila upande, karibu na lami.

Penye mawe ya ukingo, uso wa reli ulingane sawasawa na uso wa mawe, usiwe nyuma yake. Ukiirudisha nyuma mita moja, tairi hupanda jiwe na gari hufika kwenye reli likiwa limenyanyuka. Kimo cha reli nacho kipimwe upya kila lami mpya inapomwagwa; tabaka la sentimita 5 latosha kuiharibu.

Unguja jiwe la matumbawe mara nyingi liko karibu na uso wa ardhi. Toboa tundu pana kuliko nguzo na ulijaze mchanga au kokoto ndogo. Ukiibana nguzo kwa zege haitainama ardhini kama ilivyokusudiwa, itakunjika au kukatika. Na kwa hewa hii ya chumvi, matundu ya boliti yatobolewe kabla chuma hakijachovywa zinki. Tundu linalotobolewa barabarani ndipo kutu inapoanzia.

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, kona ya kulia ndiyo ambayo kizuizi humziba dereva macho. Kisogeze mbali na njia ya dereva huyo, au panua ukanda.

Ncha ya reli isiachwe wazi mbele ya magari, huchoma gari mpaka ndani. Ifungwe kifaa cha kumeza mgongano. Punguza pia mianya ya kugeuzia daladala, maana kila mwanya huzaa ncha mbili.