Weka Mukene Mezani: Namna ya Kufundishana Uyakinifu wa Kidayalektika

Mimi nauza mukene, yaani dagaa wa ziwani, katika soko kuu la Jinja, Uganda. Kila Jumamosi jioni, nikishafunga biashara, kibaraza changu huku mtaa wa Walukuba hujaa watu waliokuja kusoma falsafa. Tuko wanane: waendesha bodaboda wawili, mshonaji, mwalimu wa sekondari, muuguzi, mzee aliyestaafu kazi ya umeme bwawani, kijana ambaye bado anatafuta kazi, na mimi. Tunasoma kwa Kiswahili kwa sababu mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, nao walitoka kila upande. Marehemu baba yangu alivuka mpaka kutoka Kenya kuja kufuma nguo kiwandani, na lugha iliyosikika katikati ya mashine ilikuwa hii. Watu wengi wameniuliza darasa kama letu linaanzishwaje. Nitaeleza tunavyofanya, na pale nilipokosea nitasema.

Kosa la kwanza: nilianza na jina. Niliandika "uyakinifu wa kidayalektika" kwenye ubao, jina la falsafa ya Wajerumani Karl Marx na Friedrich Engels, nikaeleza saa nzima, na Jumamosi iliyofuata walirudi wawili tu. Mzee aliyenifundisha mimi, ambaye alisoma Dar es Salaam miaka ya 1970, alinipa pole kisha akaniambia niweke kitu mezani, jina litakuja lenyewe.

Basi niliweka bakuli la mukene.

Wewe chagua kitu ambacho angalau mtu mmoja kati yenu anakijua kwa mikono yake. Kitu cha kwenye magazeti hakifai, wala "jamii" au "maendeleo". Kisha ulizeni maswali manne, polepole, na mmoja aandike daftarini. Kitu hiki kilikuwa nini kabla ya kuwa hivi? Kimefungamana na nini? Ndani yake, nini kinavutana na nini? Na ni lini mabadiliko ya kidogo kidogo yalikigeuza kikawa kitu kingine?

Kwa mukene majibu yalituchukua Jumamosi tatu, na mpaka leo naona hakuna mfano bora kwa mtu wa ziwa hili la Nalubaale, yaani Victoria. Bibi zetu walikula nkejje, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia humu ziwani. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mputa, yaani sangara, akaletwa Nalubaale kutoka maji mengine, akiwa samaki mkubwa wa kuvuliwa kwa faida. Kwa karibu miaka 20 hakuna aliyeona jambo kubwa. Mputa walizaliana, wakala, wakaongezeka. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyavu zikaanza kujaa mputa, na nkejje wakatoweka kwa aina mamia. Mwanadarasa aliyewahi kuvua na baba yake alisema walidhani ni laana. Hapo nikasimama nikasema: tazameni, hesabu iliongezeka mwaka hadi mwaka ziwa likiwa lile lile, mpaka siku moja ongezeko lile likalifanya ziwa jingine. Wanafalsafa huita hali hiyo wingi kugeuka kuwa sifa mpya. Sikulazimika kueleza tena.

Mambo hayakuishia hapo. Nkejje walipopungua, mukene wakapata nafasi, wakawa wengi kuliko walivyowahi kuwa. Mputa naye akawa mali. Viwanda vya kukata minofu vikajengwa kando ya ziwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mtu wa hapa akabaki na kichwa na mifupa. Biashara iliyomtukuza mputa ndiyo iliyomvua kupita kiasi. Mputa walipopungua, baadhi ya nkejje wakarudi. Ila ziwa la bibi halikurudi nao: aina nyingi zimepotea kabisa, na waliorudi wanaishi na kula tofauti na wale wa zamani. Engels alikuwa na jina la mwendo huo, ukanusho wa ukanusho. Kitu hukanushwa, kikanushi nacho hukanushwa, na kinachotokea hufanana na cha mwanzo bila kuwa kile.

Sasa uliza nani anamiliki. Mukene huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mvuvi wa mtumbwi analipwa kwa sehemu ya mavuno, na mwenye mtumbwi na taa huchukua sehemu yake akiwa amelala. Mukene walioanikwa juu ya chanja hununuliwa na sisi tunaouza chakula cha watu. Walioanikwa mchangani huenda kusagwa kuwa chakula cha kuku. Mnunuzi wa viwanda anapokuja na lori, bei yangu hupanda, na mama mwenye watoto watano hupita meza yangu bila kusimama. Zamani nilisema ni bahati mbaya. Darasani nilijifunza kutafuta wanaovutana.

Baada ya hapo, na si kabla, toa maneno. Yakini ni jambo la hakika, lililopo upende usipende. Ndiyo maana tunasema uyakinifu kwa falsafa inayoanza na maada, na mawazo yakafuata. Kinyume chake ni udhanifu, unaoanza na wazo. Dayalektika ni neno la Wagiriki, mzizi wake ni mazungumzo: watu wawili wanabishana na ukweli unasogea. Wanafunzi wangu hufurahi wakijua kwamba Marx mwenyewe hakuwahi kulitumia jina hili refu. Mmoja wa waliolitumia kwanza, mwaka 1887, ni Joseph Dietzgen, Mjerumani aliyefanya kazi ya kutengeneza ngozi na kujisomea mwenyewe. Mwaka 1891 Plekhanov, Mrusi, akalitumia pia, na likaenea. Mwambie hivyo fundi yeyote anayedhani falsafa ni ya wenye digrii.

Historia ifundishe kama kijiti kinachopokezwa. Hegel, mwanafalsafa Mjerumani aliyefariki Berlin mwaka 1831, aliona kwamba kila kitu kinasogea kwa ukinzani wake wa ndani, lakini kwake kilichosogea mwisho wa yote kilikuwa Wazo. Feuerbach, Mjerumani mwingine, mwaka 1841 akasema binadamu ndiye aliyemtunga Mungu kwa sura yake. (Hapa pana watu wa dini darasani, mimi mwenyewe naenda kanisani. Acha kila mtu aseme lake, usimcheke yeyote, kisha endelea.) Marx akachukua mwendo kutoka kwa Hegel na maada kutoka kwa Feuerbach, akamlaumu Feuerbach kwa kumtazama binadamu kama mtu aliyekaa tu, asiyefanya kazi. Akiwa Brussels mwaka 1845 aliandika hoja 11 fupi mno, na ya mwisho inasema wanafalsafa wameufasiri tu ulimwengu kwa namna mbalimbali, jambo lenyewe ni kuubadilisha. Mwaka 1873 akaandika kwamba dayalektika ya Hegel imesimama kwa kichwa, lazima igeuzwe.

Engels usimpitie haraka. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha nyuzi za pamba Manchester, akafanya kazi ofisini humo miaka mingi, na mshahara wake ukamlisha Marx na watoto wake. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka baba akirudi nyumbani na vumbi la pamba kwenye nyusi. Falsafa hii ilizaliwa karibu na mashine kama yake.

Wiki ya tatu au ya nne ndipo utoe zile zinazoitwa sheria tatu, ambazo Engels alizieleza mwaka 1878 na katika maandishi yaliyochapishwa 1925, miaka 30 baada ya kifo chake: wingi kugeuka sifa, umoja na mvutano wa vinyume, ukanusho wa ukanusho. Ukizitoa mapema, watu wataanza kuzijaza vitu kama wanaojaza gunia. Mwendesha bodaboda wetu mmoja alituletea usiku na mchana, mume na mke, chumvi na sukari, akiviita vyote ukinzani. Nilimwuliza: chumvi ikitoweka, sukari itaacha kuwa sukari? Akanyamaza. Ukinzani wa kweli ni pale upande mmoja unapoumbwa na ule unaopingana nao.

Hapo leta ardhi, kwa sababu kila mtu ana kesi ya ardhi katika ukoo. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia Kabaka, mfalme wa Buganda, na machifu ardhi ya mailo, yaani ardhi ya kumiliki kwa hati, na mkulima aliyekuwa akiishi pale akajikuta mpangaji. Hakuna mwenye mailo bila mpangaji, wala mpangaji bila mwenye mailo. Pamba ilipoingia na kuleta fedha, wenye ardhi wakadai sehemu kubwa zaidi ya mavuno, ile nvujjo, juu ya kodi ya busuulu. Wakulima wakakataa, na serikali ya kikoloni, iliyohitaji pamba yao, ikasukuma sheria ya mwaka 1927 ipitishwe kuweka kikomo. Mvutano ukatulia, ukazaa mwingine: mpangaji hafukuzwi kirahisi, mwenye hati hawezi kuitumia ardhi yake apendavyo, na mahakama zimejaa kesi za vibanja, yaani vipande vya wapangaji hao, hadi leo. Waulize wanadarasa nani mwema na nani mwovu katika hadithi hii. Wakishabishana, waulize nini kiliwaweka pale walipo.

Kuna kikao kimoja ambacho siruhusu kirukwe, cha Lysenko. Katika Muungano wa Sovieti falsafa hii ilifanywa mafundisho ya dola. Stalin alitia sahihi muhtasari wake mwaka 1938, na watoto wa shule wakaukariri. Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyependwa na Stalin, akadai elimu ya jeni, yaani ya urithi wa viumbe, ni ya mabepari na haipatani na dayalektika. Nikolai Vavilov, mwanasayansi wa mimea aliyempinga na aliyezunguka dunia kukusanya mbegu ili watu wasife njaa, alikamatwa mwaka 1940 na akafa gerezani Saratov mwaka 1943. Mwaka 1948 elimu ya jeni ikapigwa marufuku. Hao walianza na jibu wakalilazimisha shamba likubali. Nikikiongoza kikao hiki sauti hunikauka. Mwanadarasa akianza kusema "dayalektika inasema" badala ya "nimeona ziwani", mrudishe kwa Vavilov.

Kuhusu usomaji, anzeni na zile hoja 11, moja kila Jumamosi ikibidi, kisha sura fupi za Engels. Baadaye njooni nyumbani. Chuo cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 kilikuwa jiko la fikra hizi: mwanahistoria Walter Rodney alifundisha pale, Issa Shivji aliandika kuhusu matabaka ya Tanzania, na Dani Nabudere, mwanasheria kutoka mashariki mwa Uganda, alibishana naye vikali juu ya ubeberu. Kitabu cha Mahmood Mamdani cha mwaka 1976 kuhusu siasa na matabaka ya Uganda kimeeleza habari za pamba na ardhi vizuri kuliko niwezavyo. Asiyejua Kiingereza atafsiriwe na mwenzake, kwa sauti, palepale; tafsiri ya papo hapo hulazimisha watu waelewe.

Mambo ya mikono: msizidi kumi. Saa mbili zinatosha. Chai mchangishane, asiwe mtu mmoja anayelipia kila mara, maana mwenye kulipia huanza kusikilizwa kuliko wengine. Zamu ya kuongoza izunguke, hata kwa mwenye haya. Daftari libaki kwa mtu tofauti kila mwezi.

Jumamosi ijayo ni zamu ya yule mwenye chumvi na sukari. Ataweka mezani karatasi za mkopo wa pikipiki yake.