Kuchungulia kiota kwenye boksi bila kutia mkono

Kama umetundika boksi la ndege uani na shomoro wameshahamia, chukua kioo cha pembeni cha pikipiki, hata kile kilichovunjika kipande, kifunge kwenye fimbo, afu subiri mama atoke mwenyewe ndo ufungue kifuniko kidogo na kuinamisha kioo kwa juu. Unaona mayai yote ukiwa chini, hupandi ngazi, hugusi kitu, sekunde kumi tu unafunga unaondoka. Nenda mchana mchana hivi, sio alfajiri, kwa sababu mayai hutagwa asubuhi na ukimkurupusha saa hizo anaweza kususa kabisa. Na ile habari kwamba ukigusa kifaranga mama atamkataa kwa harufu ni stori tu, kinachowakimbiza ni usumbufu, kwa hiyo mara moja kwa wiki inatosha, usiwe kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Inagoma lini? Kwanza shomoro wengine wanajaza manyasi mpaka juu, kioo kinakuonyesha majani tu, hapo bora ukae mbali uhesabu safari za wazazi kuleta wadudu mdomoni, zikiongezeka ujue mayai yameshaanguliwa. Pili, makinda wakishaota manyoya, kama siku ya kumi na kuendelea, acha kabisa kufungua, wanaruka nje kabla hawajajua kupaa na paka wa jirani yuko pale pale chini anasubiri.